Michael Faraday na Mshumaa Wake

Nataka kuwasimulia habari za Michael Faraday, ambaye mimi humpenda kuliko wataalamu wote wa sayansi niliopata kusoma habari zao.

Alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumbani kwao kulikuwa na dhiki. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipopata umri wa miaka 14 alitiwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ajifunze kazi hiyo kwa miaka 7. Lakini kijana huyu hakuridhika kuvishona vitabu. Alivisoma pia, hasa vile vilivyoeleza umeme.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia, katika Royal Institution. Faraday aliandika mafundisho aliyoyasikia, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Mwaka 1813 akawa msaidizi wake. Baadaye, sifa zake zilipoanza kuenea, Davy yule yule alipinga asiingizwe katika Royal Society. Hata hivyo alichaguliwa mwaka 1824.

Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisukumwa ndani ya waya uliozungushwa mara nyingi, umeme hupita katika waya ule. Mitambo ya Owen Falls kule Jinja, iliyofunguliwa mwaka 1954, ilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo: nguvu ya maji huzungusha mtambo, na umeme hupatikana.

Lakini linalonipendeza zaidi ni kwamba hakuificha elimu yake. Wakati wa Krismasi aliwafundisha vijana, na mwishoni mwa mwaka 1860 alianza mafundisho sita juu ya mshumaa. Moto huyeyusha nta; nta hupanda katika utambi kama maji yapandavyo katika kitambaa; huko juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Ukitaka kuhakikisha, zima mshumaa, kisha mara moja peleka kiberiti kinachowaka kwenye moshi mweupe upandao. Moto utaruka na kuwasha utambi bila kuugusa! Tena, weka kijiko katikati ya mwali, nacho kitashika masizi. Chembe hizo za masizi, zikiwa na joto kali, ndizo zitoazo ule mwanga wa manjano.

Faraday alikataa kupewa cheo cha Sir, akafa mwaka 1867 akiitwa Bwana Faraday tu.

Basi, ndugu zangu, tusikate tamaa kwa sababu maabara yetu ina vyombo vichache. Mshumaa na kiberiti haviwezi kutushinda kupata. Linalotakiwa ni kutazama vema, na kuuliza kwa nini.