Fransisko wa Assisi, kijana aliyeachana na kundi lake

Hapo kale, katika nchi ya Italia, palikuwa na mfanya biashara tajiri, jina lake Pietro di Bernardone. Alikaa Assisi, mji mdogo uliojengwa ubavuni mwa mlima. Aliuza vitambaa vizuri, naye alisafiri mpaka Ufaransa kwa biashara yake. Mwaka 1181 au 1182 mkewe alizaa mtoto mwanamume. Mtoto akabatizwa jina la Yohana. Lakini baba aliporudi kutoka safarini akamwita Francesco, maana yake Mfaransa. Sisi twamwita Fransisko.

Fransisko alikua, akajifunza kusoma, kisha akafanya kazi dukani pamoja na baba yake. Alikuwa mchangamfu na mkarimu, tena alipenda kuimba. Vijana wa rika lake walimpenda mno. Walifanya karamu mara kwa mara, na mwenye kulipa alikuwa Fransisko. Usiku walizunguka njiani wakiimba na kupiga kelele. Yeye alikuwa wa kwanza katika mavazi, wa kwanza katika nyimbo, wa kwanza katika michezo. Hakuweza kukaa mbali na wenzake hata siku moja.

Mwaka 1202 watu wa Assisi walipigana vita na watu wa Perugia, mji wa jirani. Fransisko alikwenda vitani pamoja na vijana wengine. Assisi ikashindwa, naye akatekwa, akafungwa gerezani karibu mwaka mzima. Alipotoka aliugua muda mrefu. Alipopona akatazama mashamba na milima aliyoipenda zamani, lakini hakuona furaha kama kwanza.

Hata hivyo alitaka bado sifa za watu. Mwaka 1205 akavaa mavazi ya vita ya thamani kubwa, akapanda farasi, akaaga, ili aende kupigana kusini mwa Italia. Alipofika Spoleto akarudi nyuma. Alikuwa amesikia sauti usiku, ikimwuliza kama ni afadhali kumtumikia bwana au mtumishi. Basi akarudi Assisi bila vita na bila sifa.

Wenzake wakamchagua tena kuwa mkuu wa karamu. Walikula, wakashiba, wakatoka njiani wakiimba kama desturi yao. Lakini Fransisko akabaki nyuma peke yake, akasimama kimya. Walipogeuka wakamwona yuko mbali. Wakamwuliza kwa mzaha kama anafikiri kuoa. Akajibu kuwa ndiyo, naye atamwoa mchumba mzuri kuliko wote waliopata kuwaona. Wakacheka sana. Hawakujua ya kuwa mchumba huyo ni ufukara. Tangu siku zile Fransisko akaanza kuachana na kundi lake.

Palikuwa na jambo moja alilolichukia tangu utoto: kuwaona wakoma. Siku moja, akiwa juu ya farasi, akakutana na mkoma njiani. Moyo ukamwambia akimbie. Lakini alishuka, akampa fedha, akambusu mkono. Baadaye alikwenda kwao mara nyingi, akawahudumia. Yaliyokuwa machungu kwake yakageuka kuwa matamu.

Nje ya mji palikuwa na kanisa dogo la San Damiano, nalo lilikuwa karibu kuanguka. Fransisko akisali humo mbele ya msalaba, alisikia Kristo akimwagiza atengeneze nyumba yake. Mara akaenda dukani, akachukua vitambaa vya baba yake, akaviuza katika mji wa Foligno, pamoja na farasi. Akampelekea padri wa San Damiano fedha zote. Padri alikataa kuzipokea, kwa maana aliogopa ndugu za kijana huyo. Kwa kweli mali ile haikuwa ya Fransisko.

Baba akakasirika sana, akamtafuta. Fransisko akajificha shimoni siku nyingi. Mwisho akaona haya kwa woga wake, akatoka, akaingia mjini. Watu walipomwona amekonda na mchafu, wakamwita mwenye wazimu, wakamtupia matope na mawe. Baba akamkamata, akamfungia nyumbani. Baba alipokwenda safari, mama akamhurumia mwanawe, akamfungua.

Mwaka 1206 Pietro alimshitaki mwanawe mbele ya Askofu Guido. Askofu akamwambia Fransisko arudishe fedha, kwa maana haifai kulisaidia kanisa kwa mali ya mtu mwingine. Fransisko akazirudisha. Kisha akavua na nguo zake zote, kwa maana zilitoka kwa baba pia, akaziweka chini mbele ya watu. Akasema kuwa tangu siku ile Baba yake ni yule aliye mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake. Pietro akachukua fedha na nguo, akaenda zake kwa hasira na huzuni.

Fransisko hakuuhama mji uliomcheka. Alipita njiani akiomba mawe, akayachukua mabegani, akalijenga San Damiano kwa mikono yake. Alimwomba kila mtu chakula. Baba yake akikutana naye alimlaani. Fransisko aliumia moyoni, akamwomba maskini mmoja afuatane naye, ambariki kila baba alipolaani.

Siku moja alikwenda kwenye nyumba fulani kuomba mafuta ya taa ya kanisa. Akakuta watu wengi wamekusanyika wakicheza. Haya ikamshika, akarudi nyuma. Alikuwa amevumilia matope na mawe. Sasa alishindwa na macho ya watu wanaocheza! Akasimama njiani, akafikiri, kisha akarudi mbio. Akaungama mbele ya wote ya kuwa aliwaonea haya. Ndipo akaomba mafuta kwa sauti kubwa.

Mwaka 1208 tajiri mmoja wa Assisi, Bernardo wa Quintavalle, akagawia maskini mali yake yote, akamfuata. Wengine wakaja. Walipopata kuwa 12 walikwenda Roma, mwaka 1209, na Papa Inosenti wa III akawakubali. Wakajiita Ndugu Wadogo. Hivyo kijana aliyeachana na wenzake akapata ndugu, na kabla hajafa walikuwa maelfu. Hakutaka kuwa mkubwa wao siku zote. Mwaka 1220 akaacha uongozi, akamtii ndugu mwingine.

Mwaka 1226 Fransisko aliugua sana. Watu wa Assisi wakaogopa asifie mbali nao. Wakatuma askari wamlete kwao kwa ulinzi na heshima: mji ule ule uliomtupia matope! Akafa karibu na Assisi jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Mwaka 1228 Papa Gregori wa IX akamtangaza mtakatifu. Ndugu zake wameenea katika nchi nyingi, hata katika Kongo.

Watoto, kila mmoja wenu ana rika lake, na ni vizuri kuwa na wenzako. Lakini siku itafika, wenzako wataimba na kwenda mbele, nawe utasikia moyoni ya kuwa njia yako ni nyingine. Siku hiyo mkumbuke Fransisko. Alirudisha kisicho chake, akaifuata njia yake, wala hakuwachukia waliomcheka.

Maswali
1. Kwa nini wenzake Fransisko walimpenda?
2. Fransisko alikosa nini alipouza vitambaa? Alitengenezaje kosa hilo?
3. Kwa nini aliona haya kuomba mafuta? Akafanya nini?
4. Watu wa Assisi walimtendea nini mwaka 1206, na nini mwaka 1226?