Ranganathan: Aliyeukimbia ukutubi kisha akautumikia hadi kufa

MSOMAJI anapoingia maktabani na kukipata kitabu anachokihitaji kwa dakika chache, ni nadra akumbuke kwamba nyuma ya rafu zile limejificha swali zito la kifalsafa. Je, maarifa ya binadamu yana mpangilio gani, na ni nani mwenye haki ya kuamua somo lipi litangulie na lipi lifuate?

Miongoni mwa waliolishughulikia swali hilo kwa kina ni marehemu Shiyali Ramamrita Ranganathan, mwana wa India ambaye hakuwa na nia yoyote ya kuwa mkutubi.

Ranganathan alizaliwa mwaka wa 1892 katika mji wa Shiyali, kusini mwa India, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alisomea hisabati katika Chuo cha Kikristo cha Madras na kuhitimu shahada ya uzamili mnamo 1916. Licha ya kusumbuliwa na kigugumizi, alikuwa mwalimu hodari aliyeipenda kazi yake. Hata hivyo, mshahara wa mwalimu ulikuwa haba.

Ni hali hiyo iliyomfanya akubali, mnamo Januari 1924, wadhifa wa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Madras. Wiki chache tu baadaye alikuwa amechoshwa na upweke wa kazi hiyo, akaomba arejeshwe darasani. Wakuu wake walimpa sharti moja: aende kwanza London akasomee ukutubi, na akirudi angali hautaki, ombi lake litakubaliwa.

Safari hiyo ndiyo iliyombadilisha. Huko London alifunzwa na W. C. Berwick Sayers, mtaalamu wa uainishaji wa vitabu, na akazuru maktaba nyingi za Uingereza. Aligundua kuwa maktaba za umma ziliwahudumia watoto, wafanyakazi na wanawake kwa namna ambayo hakuwahi kuiona nyumbani. Aidha, aligundua kasoro katika mifumo iliyotumika kupanga vitabu.

Mfumo uliotia fora wakati huo, na ambao ungali unatumika katika maktaba nyingi duniani, Kenya ikiwemo, ni ule wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka wa 1876. Dewey aliyagawa maarifa yote katika mafungu kumi, kila fungu likagawanywa tena kwa kumi. Ni utaratibu rahisi kukumbukwa. Lakini anayeorodhesha masomo yote mapema hana budi kuyaona kwa macho ya jamii yake. Katika fungu la dini, kwa mfano, sehemu kubwa ya nambari ilitengewa Ukristo, huku Uislamu, Uhindu na dini nyinginezo zikibanwa pamoja mwishoni. Kwa mkutubi wa Madras, hilo halikuwa jambo dogo.

Suluhisho lilimjia katika duka la Selfridges jijini London. Alimwona mwuzaji akionyesha kifaa cha watoto kiitwacho Meccano, chenye vipande vya chuma, njugu na parafujo. Kwa vipande vile vile, mwuzaji aliunda kitu kimoja, akakibomoa, kisha akaunda kingine. Ranganathan akajiuliza: kwa nini masomo nayo yasiundwe hivyo?

Alirejea Madras mnamo 1925, na ombi la kurudi darasani likasahaulika. Mfumo wake, uliopewa jina la alama ya nukta mbili inayounganisha sehemu za nambari, ulichapishwa mwaka wa 1933. Badala ya kuorodhesha kila somo, aliligawa kila somo katika vipengele vitano: nafsi ya jambo, maada, nishati, mahali na wakati. Chukua kitabu kuhusu uvunaji wa mpunga nchini India mwaka wa 1950. Mpunga ndio nafsi, uvunaji ni nishati, India ni mahali na 1950 ni wakati. Somo jipya likizuka kesho, mkutubi ataliunda kwa vipande alivyo navyo.

Kabla ya hapo, mnamo 1931, alikuwa ametoa kanuni zake tano za ukutubi. Alishikilia kwamba vitabu ni vya kutumiwa wala si vya kufungiwa. Kila msomaji ana kitabu chake. Kila kitabu kina msomaji wake. Muda wa msomaji usipotezwe. Na maktaba ni kiumbe kinachokua. Mwaka wa 1948, jitihada zake zilichangia kupitishwa kwa sheria ya maktaba za umma ya Madras.

Waama, si kila alichotarajia kilitimia. Nambari zake zilikuwa ndefu na ngumu, na nje ya India ni maktaba chache mno zilizozikubali. Mfumo wa Dewey, pamoja na kasoro zake, uliendelea kutawala.

Lakini fikra zake zilishinda pale nambari zake ziliposhindwa. Mnamo 1955 wataalamu wa uainishaji jijini London walitangaza kwamba uchambuzi wa vipengele ndio unaofaa kuwa msingi wa utafutaji wote wa habari. Leo, anayenunua viatu kwenye intaneti akichagua kwanza saizi, kisha rangi, kisha bei, anafuata njia iyo hiyo.

Ranganathan hakujilimbikizia mali. Mwaka wa 1956 aliitoa akiba yake, rupia laki moja, kuanzisha wadhifa wa uprofesa wa ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras, kwa jina la mkewe Sarada. Mnamo 1962 alianzisha kituo cha utafiti na mafunzo mjini Bangalore, ambako alifariki Septemba 27, 1972. Kila Agosti 12, wakutubi wa India huiadhimisha siku yao kwa kumkumbuka mwalimu huyu wa hisabati.