Kazuo Kamimura: Msee Aliyechora Come-We-Stay Kabla Hujazaliwa

Kama umeona Kill Bill ya kwanza, unakumbuka ile vita ya theluji, Uma Thurman na Lucy Liu wakimalizana kwa upanga. Quentin Tarantino alitoa hiyo vibe kwa filamu ya Kijapani ya 1973 inaitwa Lady Snowblood. Hiyo filamu nayo ilitoka kwa manga. Kazuo Koike aliandika stori, na aliyeshika brashi alikuwa Kazuo Kamimura.

Lakini leo sitaki tuongee damu. Tuongee mapenzi, juu hapo ndipo huyu buda alikuwa noma zaidi.

Kamimura alizaliwa 1940 huko Yokosuka, mji wa bahari kusini mwa Tokyo. Akasomea sanaa chuo cha Musashino, kisha akaingia kazi ya matangazo. Huko ndiko alikutana na Yu Aku, msee ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa nyimbo Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kamimura akaanza kutoa manga. Si zile za watoto. Alichora gekiga, manga za watu wazima, na mistari yake ilifanana na zile picha za kale za Kijapani za kuchapwa kwa mbao. Wanawake wa macho marefu, mvua, maua, na kurasa nzima bila mtu kusema kitu.

1972 ndio alishika moto. Lady Snowblood ilikuwa inatoka kwa gazeti moja, na kwa lingine, Manga Action, akaanzisha Dosei Jidai, yaani enzi za kuishi pamoja. Cheki, jamaa anachora kisasi na mapenzi kwa wakati mmoja!

Dosei Jidai ni stori ya Kyoko na Jiro, vijana wa miaka ya ishirini na kitu, wanaishi keja moja Tokyo. Hakuna harusi, hakuna cheti. Sisi tungeita come-we-stay. Leo unaweza kuona ni kawaida, lakini Japani ya wakati huo, kijana kuishi na manzi bila ndoa ilikuwa aibu ya familia nzima. Vijana walikuwa wamejaa Tokyo kutafuta maisha, wakipanga vyumba vidogo. Waliposoma hiyo manga, walijiona. 1973 ikawa filamu, na neno dosei likawa kwa midomo ya kila mtu.

Sasa nikupe maoni yangu kama msomaji wa hizi vitu. Manga nyingi za mapenzi hukudanganya mahali pamoja: zinaisha pale wawili wanakubaliana. Unasoma vitabu kumi na tano ndio washikane mikono, halafu mwisho. Unafunga ukidhani kazi imeisha. Kamimura alianzia hapo. Mmeshaingia keja moja, sasa je? Nani atalipa kodi? Mkikosana usiku, utaenda wapi na chumba ni kimoja? Ukimya unaanza lini? Kyoko anafika mahali akili inamlemea, na Jiro hana dawa. Upendo upo, lakini hautoshi. Hiyo ndiyo manga ya watu wazima kwangu. Kitanda kipo, sawa, lakini utu uzima wenyewe uko kwa asubuhi inayofuata.

Na hakuachia hapo. Baadaye akachora Rikon Kurabu, kuhusu mwanamke kijana aliyeachana na bwanake, anaendesha baa mtaa wa Ginza, na wahudumu wake pia wameachika. Cheki huo mpangilio: kwanza wanaoishi bila ndoa, kisha waliotoka kwa ndoa. Watu ambao jamii ilikuwa inawanyoshea kidole, yeye akawachora kwa heshima.

Kumbuka pia Jiro Taniguchi, yule wa The Walking Man, aliwahi kuwa msaidizi wake. Ukiona kurasa za Taniguchi zimetulia hivyo, unaanza kuelewa alipita mikono ya nani.

Kamimura alikufa Januari 1986, akiwa na miaka 45 tu. Hakuona Kill Bill ya 2003. Hakuona Wafaransa wakitafsiri vitabu vyake, wala tamasha kubwa la katuni la Angoulême likimwekea maonyesho yake 2017, zaidi ya miaka thelathini baada ya kuzikwa.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla uanze romance nyingine ya kusubiri kiss hadi kitabu cha kumi na mbili, tafuta Kamimura. Na kama uko kwa keja na mtu wako saa hii, someni pamoja. Mkifika zile kurasa hakuna anayeongea, angalianeni. Nyinyi mko ukurasa upi?