Marhumu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Mafunzo ya Watoto Wetu

 

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu ya Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh mtoto huenda skuli asubuhi, na jioni akaenda madrasa. Skuli ina mpango wa masomo uliopangwa darasa kwa darasa. Madrasa nyingi hazina. Kila mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa yeye. Ndiyo maana yafaa tukumbushane maisha ya mtu aliyelifikiri jambo hili kabla yetu.

Marhumu Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Yatima huyo akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaenda Unguja kusoma kwa wanavyuoni mashuhuri, akiwamo Sayyid Ahmad bin Sumeit. Alisoma pia maandishi ya watengenezaji wa Misri, na humo akaona kwamba udhaifu wa Waislamu hauponi kwa kulalamika, bali kwa elimu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Humo aliwakemea Waislamu kwa kuzembea elimu wakati wenzao wakitangulia mbele. Hakutaka mtoto achaguliwe baina ya dini na dunia: aliitaka elimu mpya, lakini aliogopa skuli itakayomtoa mtoto katika dini na lugha yake. Wala hakuwasahau wasichana, kwani aliona mama mjinga hawezi kulea umma wenye maarifa.

Hakuishia kwenye maneno. Aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili, ili msomaji ajue anachokisoma, na kwa ajili ya watoto akatunga Hidayatul Atfal. Alitengeneza hata herufi za Kiarabu zipate kuandika sauti za Kiswahili sawasawa. Wapo waliodhani kuwa elimu ya dini hushuka heshima ikitolewa kwa Kiswahili; yeye aliona heshima ya elimu ni kufahamika.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, akaiendeleza kazi ya kuandika.

Basi enyi walimu wa madrasa, tumwige kwa vitendo. Na tukutane, tujiulize: mtoto amalizapo mwaka awe amejua nini? Ameifahamu sala yake, au ameihifadhi tu? Saa zake chache za jioni, akiwa amekwisha choka na skuli, tunazitumiaje? Asiyejiuliza hayo humpotezea mtoto umri wake, na umri ni amana tutakayoulizwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atuwafikishe sisi kuyatenda tuyasemayo. Amin.