Maisha ya Dakitari Livingstone na siku 28 za mtumbwi



Mara hii nimechagua maisha ya mtu ambaye jina lake tunalisikia darasani na hata kanisani: Dakitari David Livingstone. Wengi wetu tunajua tu kwamba alivuka Afrika kwa miguu. Lakini kuna siku 28 alizozipitisha katika mtumbwi, karibu kabisa na kwetu, na hizo watu hawazisemi sana.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, inchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipopata miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba, tangu saa 12 ya asubuhi mpaka saa 2 ya usiku. Kisha kazi akaenda shule ya usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, naye alikuwa akikiweka juu ya mashine ili asome huku mikono inafanya kazi. Sisi ambao tunalalamika juu ya kusoma usiku kwa taa, tufikiri kidogo.

Alijifunza udakitari, na mwaka 1840 Shirika la Misioni la London likamtuma Afrika ya Kusini. Mwaka 1845 alioa Mary, binti ya misionari Robert Moffat. Katikati ya 1853 na 1856 alitembea toka katikati ya bara mpaka Luanda, kwenye bahari ya magharibi, kisha akarudi na kuvuka mpaka Quelimane, kwenye bahari ya mashariki. Mwaka 1862 Mary alikufa kwa homa kando ya mto Zambezi.

Mwaka 1866 alirudi tena, sasa kwa kutafuta chemchemi za mto Nile. Aliwaza kwamba Lualaba ndiyo mwanzo wa Nile. Basi mwaka 1869 alivuka ziwa Tanganyika, akaingia Maniema. Pale Kabambare vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba. Pale alikuwa na haja ya kitu kimoja tu: mtumbwi. Alingoja zaidi ya miezi 3, asiupate. Juu ya nini? Wenyeji walimwona anatembea na wafanya biashara ya watumwa, anakula chakula chao, analala katika kambi zao. Wakamhesabu kuwa mmoja wao. Tusiwalaumu. Wangejuaje moyo wake? Walihukumu kwa yale waliyoyaona, na yale waliyoyaona yalikuwa kweli: bila wale wafanya biashara Dakitari hangeweza kula ao kusafiri. Ni neno gumu kwa mtu aliyechukia utumwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Watu wengi walikuja, wanawake ndio zaidi. Gafula watu wa wale wafanya biashara wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi yao, mitumbwi ikabanana, mingine ikazama, wengi wakafa maji. Wafanya biashara wenyewe walihesabu wafu kuwa kati ya 330 na 400. Dakitari aliona kwa macho yake. Hakuweza kukaa tena pamoja nao, akarudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa, bila mali. Alipofika katika mwezi wa Oktoba, alikuta vitu vyake vyote vimekwisha kuuzwa.

Katika Novemba Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akamkuta pale, akamletea dawa, chakula na barua. Stanley alikuwa kijana wa miaka 30, Livingstone mzee wa miaka 58. Wakapatana sana. Tarehe 16 Novemba 1871 waliingia pamoja katika mtumbwi wa mti mmoja wa mvule, ambao Mwarabu mmoja wa Ujiji, Sayd bin Majid, aliwaazima. Pamoja nao walikuwamo wapiga kafi, Susi mtumishi wa Dakitari, mpishi Ferajji, na kijana Selim mkalimani.

Walikuwa na ulizo moja: Ruzizi inaingia katika ziwa ao inatoka? Kama inatoka, labda maji ya Tanganyika yanakwenda mpaka Nile. Kule Ulaya wakubwa wa elimu walibishana juu ya jambo hili, hakuna hata mmoja aliyefika.

Basi walifuata ukingo wa mashariki kwenda kaskazini. Mchana walipiga kafi, magaribi walivuta mtumbwi inchi kavu, wakasimamisha hema, wakapika. Si kila mahali walipokelewa vizuri. Pahali pamoja walitupiwa mawe, ikawapasa kuondoka gizani. Usiku mwingine wezi walibeba risasi, unga na sukari ya Dakitari. Stanley akashikwa na homa kali, na yule mzee ndiye aliyemlinda na kumpa dawa.

Walipokaribia mwisho wa ziwa, mwami mmoja, Ruhinga, aliwaambia wazi kwamba Ruzizi inaingia. Wakaenda kuona. Wakasukuma mtumbwi kati ya matete, wakakuta maji yanawajia kwa nguvu. Ulizo likaisha. Tumaini la Dakitari juu ya njia ile likavunjika, naye akalikubali jibu. Kumbe jibu lilikuwa kwa wenyeji tangu zamani. Wakapita Uvira, wakarudi Ujiji tarehe 13 Desemba.

Juu ya Lualaba Dakitari hakupata jibu katika maisha yake. Stanley alirudi, akafuata mto ule kwa mitumbwi, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na Atlantiki. Lualaba ni Kongo, si Nile. Leo tunajua pia kwamba Ruzizi inatoka ziwa Kivu pale Bukavu, inaingia Tanganyika, na maji ya Tanganyika yanatoka kwa Lukuga kwenda Lualaba. Na Ulindi yetu ya Shabunda inaingia Lualaba vile vile. Maana yake maji ya Bukavu na maji yetu yanakutana katika mto ule ambao Livingstone aliukosea.

Stanley alichukua barua za Dakitari mpaka Ulaya. Habari ya Nyangwe iliwachoma watu mioyo, na katika Juni 1873 Sultani wa Zanzibar alikubali soko la watumwa lifungwe. Livingstone hakusikia habari hiyo. Alikuwa amekufa kwa Chitambo, inchi ya Zambia ya leo, mwanzo wa Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha maiti, wakaibeba miezi mingi mpaka pwani. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza kisha maziko.

Wenzangu, ninyi mnaovuka Ulindi kila likizo, muulizeni mzee anayewapigia kafi maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mwandike majibu yake. Livingstone alisafiri mbali sana kusikia watu kama yeye, na wale waliomvusha ni wachache tu ambao majina yao yaliandikwa.