Daktari Lucy Wills na Kinga ya Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Askari hufundishwa mapema kwamba handaki huchimbwa kabla risasi hazijaanza kulia. Anayengoja mlio ndipo atafute sepetu, huyo amekwisha kuchelewa. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wanajeshi na polisi, wa kike kwa wa kiume, maisha ya marehemu Lucy Wills, bibi daktari ambaye kazi yake yatukumbusha kanuni hiyo katika jambo lililo karibu mno na nyumba zetu, yaani afya ya mama na mtoto aliye tumboni. Hapa Kigali jina lake halisikiki mara kwa mara. Hata hivyo dawa iliyotokana na uchunguzi wake hutolewa kwa waja wazito katika vituo vya afya vya mji huu na vya nchi nzima.

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 Mei, 1888, huko Sutton Coldfield, karibu na mji wa Birmingham, nchini Uingereza. Jamaa zake walikuwa watu wenye nafasi, wakimiliki kiwanda cha zana za kukatia, na baba yake alikuwa amesoma sayansi. Mwaka 1907 binti huyo aliingia Chuo cha Newnham, Cambridge, akajifunza elimu ya mimea na elimu ya miamba. Alimaliza mitihani yake mwaka 1911, lakini hakupewa shahada, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa hakijakubali kuwatunuku wanawake shahada kamili. Haki hiyo wanawake waliipata mwaka 1948, wakati yeye amekwisha kustaafu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majonzi. Baba yake alifariki mwaka 1911, na dada yake akafuata mwaka 1913. Mwaka 1914 Lucy alikuwa safarini Afrika ya Kusini wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka. Akajitolea kwa muda kuwauguza wagonjwa katika hospitali moja ya Cape Town. Kazi hiyo ilimwonyesha njia. Aliporudi London alijiunga, mwaka 1915, na chuo cha udaktari cha wanawake kilichoshirikiana na hospitali ya Royal Free. Alifuzu mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Hakufungua chumba cha kutibia watu kwa malipo. Alichagua maabara, akachunguza mabadiliko yanayotokea katika mwili wa mwanamke mwenye mimba.

Mwaka 1928 aliitwa kwenda Bombay, mji ambao leo waitwa Mumbai, nchini India. Huko waja wazito wengi walikuwa wakipatwa na upungufu wa damu wa namna ya pekee, nao ulikuwa ukiwaua. Damu yao ilikuwa na chembe nyekundu chache, nazo zilikuwa kubwa kupita kiasi, kinyume cha upungufu wa madini ya chuma, ambao hufanya chembe hizo kuwa ndogo. Mama alidhoofika, akapauka, akashindwa kuvuta pumzi vema, na mara nyingi hakuishi kumwona mwanawe akikua. Wagonjwa walikuwa hasa wake za wafanyakazi maskini wa mji ule uliojaa viwanda vya nguo.

Hapo ndipo twaona busara ya bibi huyu. Hakuitazama damu peke yake chini ya hadubini, bali aliuliza pia wagonjwa wanakula nini. Akagundua kwamba waliougua zaidi ndio waliokuwa na chakula duni kuliko wengine, kisichokuwa na mboga, matunda wala maziwa ya kutosha. Ili kupata hakika, aliwalisha wanyama wa maabara, panya na kisha nyani, mlo haba kama ule wa akina mama wale. Wanyama nao wakapungukiwa damu. Basi adui hakuwa laana, wala hakuwa uvivu wa mama. Palikuwa na kitu fulani kilichokosekana katika chakula.

Kitu hicho kilikuwa nini? Jibu lilitoka mahali ambapo wengi wasingalifikiria kupatazama. Huko Uingereza kulikuwa na rojorojo nyeusi ya kupaka mkate, iitwayo Marmite, inayotengenezwa kwa chachu iliyosalia katika utengenezaji wa pombe. Ilikuwa rahisi kwa bei. Daktari Wills aliijaribu kwa nyani, na wanyama wakapata nafuu. Akaijaribu kwa waja wazito, na kwa muda wa siku chache tu damu yao ikaanza kuzalisha chembe mpya. Mwaka 1931 alitangaza matokeo hayo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Baadaye alionyesha pia kwamba dondoo ya ini iliyosafishwa sana, ambayo iliponya namna nyingine ya upungufu wa damu, haikuwafaa wagonjwa wake, ilhali dondoo isiyosafishwa iliwafaa. Kwa hiyo palikuwapo kitu kingine, tofauti na kile kilichojulikana. Wataalamu wakakiita kwa jina lake, kiini cha Wills.

Alifanya yote hayo bila kukijua kitu chenyewe. Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani walichuja tani kadhaa za mchicha wa kizungu, yaani spinachi, wakapata dutu waliyoiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Katikati ya miaka ya 1940 wengine, Marekani huko huko, wakaweza kuitengeneza kiwandani. Ikathibitika kwamba kiini cha Wills na asidi hiyo vilikuwa vya jamaa moja.

Daktari Wills alifanya kazi London wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata hospitali yake ilipopigwa kwa mabomu mwaka 1944. Alistaafu mwaka 1947, lakini hakukaa kitako. Alisafiri mpaka Jamaika, Fiji na tena Afrika ya Kusini kuchunguza lishe na damu za watu. Miaka yake ya mwisho alikuwa diwani wa mtaa wa Chelsea, London. Hakuolewa wala hakuzaa. Alifariki tarehe 16 Aprili, 1964.

Wasomaji wetu, sehemu ya pili ya habari hii ilitokea baada ya mazishi yake. Mwaka 1965 madaktari Hibbard na Smithells, wa mji wa Liverpool, waliandika kwamba huenda ukosefu wa kitu hicho hicho ndio unaochangia baadhi ya watoto kuzaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 1991 yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 7, likihusu wanawake waliokuwa wamekwisha kupata mtoto au mimba yenye kasoro hiyo. Waliopewa asidi ya foliki tangu kabla ya mimba walipunguziwa hatari ya kuipata tena kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata uchunguzi uliofanywa Hungaria ulionyesha kwamba hata wanawake ambao hawakuwahi kupatwa na msiba huo hukingwa.

Sababu yake yafaa kila askari aielewe. Mwanzoni mwa maisha yake tumboni, mtoto huwa kama ubapa mdogo wa nyama. Ubapa huo hujikunja ukawa mfereji, na mfereji huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mfereji hujifunga kabisa siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hujaa maji kichwani. Usipojifunga upande wa juu, ubongo hauumbiki na mtoto haishi. Upasuaji waweza kuziba mgongo na kupunguza maji, na hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, nchini Uganda, imesifika kwa kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo hakuna mkono wa tabibu uwezao kurudisha neva zilizokwisha kuharibika.

Sasa na tuhesabu siku. Askari apata likizo, arudi nyumbani Kigali kwa wiki mbili, kisha aenda zake mpakani au katika kulinda amani ng'ambo. Mkewe huanza kushuku kwamba ni mja mzito anapokosa hedhi, na hapo siku 14 hivi za zile 28 zimekwisha kupita. Akisubiri mwezi wa pili ndipo aende kliniki, mlango umekwisha kufungwa. Vidonge atakavyopewa huko, vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, au vile vyenye vitamini nyingi, vitamfaa sana kwa damu yake, na asiviache. Lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto, vimechelewa.

Kwa hiyo dawa hutangulia mimba. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mwanamke aanze kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu anapokusudia kupata mtoto, aendelee mpaka wiki ya 12 ya mimba. Mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, yampasa amwone daktari kabla, kwani huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Askari wa kike wasione haya kuuliza jambo hili kwa tabibu wa kikosi. Na mume anayepanga likizo amwambie mkewe mapema, waende pamoja kituo cha afya, au wamwulize mshauri wa afya wa kijiji chao.

Chakula nacho ni sehemu ya ulinzi. Maharagwe, ambayo hayakosekani katika sahani ya Mnyarwanda, yana kiini hicho, na vivyo hivyo dodo, mboga nyingine za majani, karanga, parachichi na machungwa. Majani yasichemshwe kwa maji mengi na kwa muda mrefu, kisha maji yakamwagwa, maana kiini huyeyuka na kupotea. Unga uliotiwa vitamini kiwandani husaidia, lakini ule unaosagwa katika mashine ndogo za mtaani kwa kawaida haukutiwa kitu. Chakula chema peke yake hakitoshi kuchukua nafasi ya kidonge.

Twapenda pia kusema neno moja kwa wanaume. Si kila kasoro huzuiwa na asidi ya foliki, maana zipo sababu nyingine, pamoja na zile za urithi. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, kumlaumu mama, au kumtafuta mchawi, ni dhuluma. Bombay ilimfundisha Daktari Wills kwamba waliokuwa wakifa hawakuwa na kosa. Walikuwa wamepungukiwa na kitu kidogo ambacho hakuna aliyewapa.

Bibi yule hakujua kwamba kitu alichokisaka katika chachu kingekuja kuwakinga watoto ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa bado. Yeye aliacha ujuzi, na wengine wakaonyesha saa ya kuutumia. Sisi twaijua dawa na saa yake pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kabla mimba haijatungwa.