Mwenyeheri Frédéric Ozanam: Kijana Aliyejibu kwa Matendo

Tunapowaombea vijana wetu walioko vyuoni, tunamkumbuka Mwenyeheri Frédéric Ozanam. Alizaliwa Milan mwaka 1813, akalelewa Lyon, nchini Ufaransa. Akiwa bado shuleni alisongwa na mashaka mazito ya imani. Mwalimu wake wa falsafa, Padre Noirot, hakumkemea. Alitembea naye, akamsikiliza, akamzoeza kufikiri, hata kijana akapata uthabiti wake mwenyewe.

Mwaka 1831 alikwenda Paris kusomea sheria. Huko, katika midahalo ya wanafunzi, alilitetea Kanisa kwa ufasaha. Wapinzani wakamuuliza Wakatoliki wa siku zile waliwatendea nini maskini. Swali hilo lilimchoma moyo. Tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, yeye na wenzake wachache walianzisha ushirika ambao leo ni Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Bwana Bailly, aliyewazidi umri, aliongoza vikao vyao. Sista Rosalie Rendu aliwaelekeza kwenye nyumba za maskini. Lakini kupanda ngazi na kubisha hodi waliachiwa vijana wenyewe.

Baadaye Ozanam alikuwa profesa wa Sorbonne. Alifariki Marseille mwaka 1853, akiwa na miaka 40, akatangazwa Mwenyeheri mwaka 1997.

Nasi, vijana wetu wakirudi likizo na maswali magumu, tusiharakishe kuwanyamazisha. Tutembee nao, tuwakabidhi utume wa kweli parokiani, ili imani waliyoipokea kwetu iwe yao wenyewe.